Siku Sukari Alipozaa Kinyumenyume

Ng'ombe akilala, hushusha pumzi moja ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Nyuma ya ukuta wangu hapa Kitengela jirani amefuga mmoja, na kila ninapoisikia pumzi hiyo namkumbuka Sukari, ng'ombe wetu, na kosa nililofanya nikiwa na miaka tisa.

Tulikaa nje kidogo ya Kisaju. Baba alichonga mawe kwenye machimbo ya Kitengela na kurudi nyumbani Jumamosi, kwa hiyo siku nyingine zote kazi ilikuwa ya mama. Mwaka ule mvua ilikataa. Mama aliamka kabla ya jogoo, akatafuta nyasi, akafuata maji mbali, na sikumbuki kumwona akiketi isipokuwa anapochambua mboga. Ndama wa kwanza wa Sukari alikuwa amekufa. Huyu wa pili tulimngojea kwa hofu.

Asubuhi ile mama alimpapasa Sukari kwenye shina la mkia, akakuta pamelegea, dalili kwamba kuzaa kumekaribia. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa. Lakini maji yalikuwa yameisha kabisa, na punda alikuwa tayari ameshafungwa mitungi.

"Ukiona analala anaamka, analala anaamka, kimbia umwite Mama Naserian," aliniambia. "Usingoje."

Nilimjua Sukari akipumzika: miguu ya mbele imekunjwa chini ya kifua, macho nusu, taya zikisaga polepole. Siku hiyo taya zilikuwa kimya. Alijitenga penye ua wa miiba, akalala, akainuka akianza na matako kama kawaida yao, akazunguka, akalala tena. Niliona, wala sisemi sikuona. Ila nilidhani kuku ndio wanaomsumbua, basi nikawafukuza, nikakaa kivulini nikimwambia, "Lala basi, umechoka." Nilijiona nina huruma sana.

Jua lilipofika utosini nikaona kwato mbili zimetokeza chini ya mkia, nyayo zake zikitazama juu. Hapo ndipo nilipokimbia.

Mama Naserian, jirani yetu Mmaasai, hakungoja hata nimwinamishie kichwa akiguse, kama wanavyosalimia watoto kwao. Alipofika aliinama, akatazama kwato, akafyonya.

"Enkerai, mtoto wangu, hii inakuja na miguu ya nyuma. Ameanza saa ngapi?"

Niligeuza uso. Mama alikuwa anaingia langoni na punda. Aliniangalia mara moja tu, akaingia ndani kutafuta kamba.

Waliifunga juu ya kwato. Sukari akisukuma, walivuta. Akitulia, walitulia, wote watatu wakihema. Nyonga za ndama zilipotoka mama alisema, "Sasa hakuna kupumzika, atakunywa maji huko ndani." Wakavuta mpaka wakaanguka chali, na ndama akateleza chini. Hakupumua.

Mama Naserian alimwinua kwa miguu ya nyuma, kamasi zikamtoka. Mama alimsugua mbavu kwa gunia, akamtia unyasi puani, akamsugua tena. Mimi nilikuwa nalia. Kisha ndama akapiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo, ya mtoto aliyenusa pilipili.

Sukari alikaa kitambo pale chini. Halafu akainuka, akageuka, akaanza kumlamba mwanawe kwa ulimi ule unaokwaruza kama msasa. Ndama alipofaulu kusimama na kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, Mama Naserian alinawa mikono akaenda zake.

Mama akalala. Mchana kweupe, juu ya nyasi kavu, na leso yake yenye damu. Sikuwahi kuona jambo kama hilo. Niliogopa, nikamtikisa bega nikimwambia nina njaa. Alifungua macho, akajinyanyua kwa viganja, akaenda kuwasha moto. Hakunigombeza siku ile, wala kesho yake.

Kwa miaka mingi kile kimya nilikiita msamaha, na nilimpenda zaidi kwa ajili yake. Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa pili, mama alikuja kunisaidia, nami nikamshukuru kwa kunisamehe juu ya Sukari.

Alinitazama kwa mshangao. "Msamaha gani? Nilitaka kukuchapa. Nguvu ndizo sikuwa nazo."

Tulicheka. Mtoto akaanza kulia chumbani, na kwa muda mrefu kidogo hakuna kati yetu aliyeinuka.