Damu Ambayo Mungu Hakuiomba

Nakumbuka Ijumaa moja ya Kwaresma, mvua za Ufipa zikiwa bado zinanyesha, nilipojikuta nimekaa chini katikati ya shamba, jembe mapajani, nikijidanganya kwamba napumzika. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Utasema huo si ujana, mwanangu. Ngoja ufike sitini, utauita utoto.

Mwaka mzima hedhi yangu ilikuwa imepoteza kalenda. Mara ije baada ya siku kumi na nane, mara ipotee miezi miwili, kisha ishuke kama mto uliobomoa kingo. Usingizi ulinikimbia, na mchana nilifokea hata kuku. Nilimwambia wifi yangu peke yake, naye kwa mapenzi akaniletea kutoka Mazwi, kule mjini, chupa ya mizizi iliyochemshwa.

"Vikombe vitatu kwa siku, wifi. Ni dawa ya asili, haina madhara. Mwezi ujao utakuwa msichana, kaka yangu hatakutambua!"

Nikanywa. Tena nikafunga: chai ya rangi asubuhi, ugali jioni, basi. Damu ikazidi, nami nikanyamaza, nikayatoa mateso yangu kama sadaka. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na nililifanya nikiwa nimepiga magoti.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunafukia majani kwenye matuta ya duara, kama tulivyofundishwa na waliotutangulia. Mama mkwe wangu, aliyewazalisha wanawake wa kijiji chetu kabla zahanati haijajengwa, aliacha tuta lake akanijia. Akalivuta chini kope la jicho langu.

"Jeupe kama unga! Tangu lini?"

"Ni Kwaresma, mama. Namtolea Mungu."

"Yesu alimwaga damu yake kwa ajili yetu sote. Ya kwako nani kaiomba? Simama!"

Sikuweza kusimama.

Mume wangu alinipakia kwenye baiskeli, akaikokota hadi hospitali ya mjini, mama mkwe akitufuata kwa miguu, akinisema njia nzima. Walipima ujauzito kwanza, kisha wingi wa damu, na daktari akanipiga picha ya tumbo. Sikuwa na mimba wala uvimbe. Ila damu ilikuwa imepungua mno. Wiki moja zaidi, wakasema, na wanangu wangelelewa na mtu mwingine. Nikapewa dawa ya kuzuia kuvuja na vidonge vya kuongeza damu. Nesi akanieleza kuwa homoni za mwanamke huanza kupanda na kushuka miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma. Kisha akaiinua chupa yangu kwenye mwanga.

"Mizizi gani hii?"

Sikujua.

"Sumu nayo ni ya asili, mama," akasema, akaimwaga.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe akaanza kazi yake. Uji wa ulezi asubuhi, maharage, dagaa, mboga za majani zilizokamuliwa limau. Sukari ikashuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, na chai ikakaa mbali na chakula, kwani nesi alisema huzuia damu kujengeka. Nilipopata nguvu, akanitaka nitembee kila jioni hata siku zisizo na jembe. Giza likiingia, "Kalale!" Mwanawe, yaani mume wangu, naye alikabidhiwa ndoo: "Maji yana jinsia? Nenda kisimani." Siku za hedhi tuliziwekea alama ya mkaa nyuma ya mlango, nikaanza kuujua mwili wangu kama ninavyolijua shamba.

Baada ya miezi michache nilikuwa nalala. Hedhi haikurudi kuwa ya msichana, wala haikupaswa kurudi hivyo, lakini haikunitawala tena. Kuku nao wakapona. Wifi yangu alilia akiniomba radhi, nami nikamwambia tulikosea wote wawili: yeye kwa kuamini, mimi kwa kuficha. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwa hiyo, mwanangu, chakula, usingizi, mwendo na moyo uliotua ni dawa, tena dawa kubwa. Mimi ni shahidi. Lakini pima kwanza. Pedi ikijaa kila saa, ukishikwa na kizunguzungu, au siku zikipotea ukadhani ni umri kumbe ni mimba, usimuulize muuza chupa. Nenda hospitali. Usinywe usichokijua jina. Na usifunge kwa mwili unaovuja. Mungu hana njaa ya chakula chako. Zaidi ya yote, sema. Mwambie mkweo, mwambie mume, niambie mimi.

Nakuombea damu yako ikae mahali pake, usingizi ukujue kwa jina, na wanao wakuzoee ukiwa mzima hadi wakuchoke kwa nasaha zako.