Dapaah na Maua ya Upande wa Mama

Kwaku Dapaah aliuza miche ya maua kando ya barabara pale Ayeduase, Kumasi, kwenye ardhi isiyo yake. Hilo halikumsumbua hata kidogo mpaka watu wa barabara walipokuja na ndoo ya rangi nyekundu wakakichora kibanda chake alama ya kubomolewa. Alitakiwa ahame, na hakuwa na pa kuhamia.

Bahati nzuri, mama malkia wa mtaa, yaani chifu wa kike, Nana Frema, alikuwa na kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yake. Alikuwa na hamu pia. Kwa Dapaah aliona shina moja la ua la alasiri, lile linalochanua jua likianza kupoa, na tawi lake moja lilikuwa na majani ya mabaka, kijani na meupe, kama limemwagikiwa chokaa.

“Nipandie hayo njia nzima ya kwangu,” alisema, “na kiwanja utakipata.”

Dapaah alikubali kabla ya kufikiri, kama alivyofanya kwenye ndoa zake zote mbili. Akachukua chavua ya tawi la mabaka, akaipaka kwa unyoya wa kuku kwenye maua ya mashina ya kijani yaliyonona. Mama mwenye nguvu, baba mwenye urembo: ndiyo ilikuwa akili yake. Mbegu zikakomaa, akazipanda, zikaota. Zote kijani, kama mchicha.

Dada yake Birago, muuza kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, wa kibanda cha pili, akaja kuchungulia.

“Kaka, mbona umemlimia Nana mboga?”

“Nyamaza! Baba yao ana mabaka, chavua yake nimeipaka mwenyewe.”

“Basi wamekataa kufanana naye. Hata wanao walikataa.”

Siku hiyo Daktari Adwubi, mwalimu wa botania aliyekuwa amekuja kununua kenkey kwa Birago, aliwasikia, akacheka mpaka miwani ikateleza.

“Wofa,” alisema, akimwita mjomba kwa heshima, “ukijani wa jani unakaa ndani ya vijifuko vidogo sana, kloroplasti. Zamani za kale vilikuwa viumbe vya majini vinavyojitegemea, ndugu za ule utelezi wa kijani wa bwawani. Chembe hai nyingine ikavimeza, ikashindwa kuvisaga, vikabaki humo kama wapangaji. Mpaka leo vina DNA yao, mbali na ya mwenye nyumba. Penye baka jeupe, DNA hiyo ina hitilafu. Na kwenye ua hili vinarithiwa kwa yai la mama tu.”

“Ina maana baba haleti kitu?”

“Analeta mengine, hata rangi ya ua. Vijifuko hivyo, haleti.”

Birago akapiga makofi. “Mwasante mzima! Ukoo umeupata kwa mama, shamba unalingoja kwa mjomba, halafu kwenye maua unakwenda kumtafuta baba!”

Safari hii Dapaah alivuna mbegu za tawi la mabaka lenyewe. Ikaota miche ya kila namna: ya kijani, ya mabaka, na mingine myeupe pe. Ile myeupe ilikula akiba ya mbegu, ikaisha, ikafa, maana haikuwa na cha kujipikia chakula. Ya mabaka ikatosha njia ya Nana kwa kuachanisha nafasi.

Siku ya kukabidhi, Dapaah alisimama mbele ya Nana Frema na wazee wake, akahubiri alichofundishwa kana kwamba amekivumbua yeye.

“Nana, baba si chochote! Kila kitu ni mama!”

Wazee wakatazamana. Nana akatikisa kichwa kukubali.

“Umesema vizuri. Basi kiwanja nampa dada yako.”

“Nana! Miche ni yangu!”

“Nani kasema si yako? Wewe utakuwa mpakaji wake wa chavua.”

Kibanda cha barabarani kilibomolewa wiki iliyofuata. Dapaah akahamia kiwanjani kwa hisani ya Birago, aliyejitwalia upande wenye kivuli kwa ajili ya vyungu vyake. Wateja wakimuuliza habari za mama na maua, siku hizi anajibu kwamba wanasayansi bado wanabishana.