Kucha za Kathini

Hapa Kanyangi hakuna anayekoboa muthokoi kama Kathini, mama yake Mulei. Sherehe ikikaribia, yeye ndiye anaitwa kwanza. Ananyunyizia mahindi maji kwenye kinu, anatwanga mpaka maganda yatoke, anaosha, anarudia. Miaka ishirini mikono yake haijawahi kukauka. Nimemwona akimaliza magunia manne kabla uji wa asubuhi haujapoa, na kama unabisha, kauulize huo uji.

Mwaka juzi kucha zake zikaanza kuwa nene, za kahawia, zinamenyeka kama ganda la mti. Akazichovya kwenye dawa ya kuogeshea mbuzi. Ngozi ikaungua, kucha zikabaki vile vile. Basi akawa anazificha kwa leso.

Hapa ndipo naona haya. Tukichota maji mtoni, wanawake wakaniuliza Kathini ana nini. Ningeweza kusema sijui. Lakini watu wakinyamaza kunisikiliza, ulimi wangu hauna breki. Nikawaambia alimshika mguu fisi aliyekuja kuiba mbuzi, wakavutana mpaka jua likatoka, na fisi alipochomoka alienda na kucha za Kathini, akamwachia zake. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilidhani namsifu.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwa Ndila, mmoja wa wale wa mtoni, tukipika chakula cha siku ya kupokea mbuzi wa mahari ya binti yake Yvonne. Kathini aliposhika mchi, Ndila akauchukua polepole, akamwambia apumzike, au alete kuni. Hakuna aliyetaja fisi. Kathini, ambaye hadithi yangu ilikuwa imemfikia, alinitazama mara moja, akaenda.

Kesho yake nilimpeleka zahanati. Daktari Musyimi alikwangua ukucha, akatuma unga wake kupimwa Kitui. Yalipotoka majibu akasema ni fangasi, inapenda mikono yenye maji. Akampima damu kujua kama ini ni zima, akampa vidonge: kimoja kila siku, wiki sita, bila kuruka. Akikoboa avae glavu.

"Huu ukucha mbaya hautapona," alimwambia. "Utasukumwa nje na mpya. Ni miezi."

Nikarudi mtoni, nikakiri kwamba fisi nilimtunga, ni fangasi tu.

"Susu, bibi wewe, sasa ndio unadanganya," Ndila akasema.

Nikaapa. Wakacheka zaidi.

Kathini alimeza vidonge vyote. Baada ya miezi sita kucha zilikuwa safi. Ikafika harusi ya Yvonne. Ndila akamshika mkono mbele ya watu wote, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua kuku, ndipo akampa mchi. Kathini alivumilia. Mimi niliangalia chini.

Chakula kilipoiva alinipakulia. Siku zote hunirushia sahani na matusi ya utani, tunacheka. Siku hiyo aliishika kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Karibu chakula, mama," akasema, kama vile nimetoka Tseikuru kule mbali na hatujawahi kuonana.