Jino la Kurushia Ndege

Juzi nilisimama kando ya uwanja mmoja mjini Machakos, jeshi la anga likiandikisha vijana. Walikuwa wameshakimbia bila viatu, sasa wamepanga foleni, kila mmoja akifungua kinywa achunguzwe meno.

Mama mmoja wa Matuu, ambaye binti yake alikuwa amewashinda wasichana wote mbio, alimwendea afande aliyesimamia kamba ya kuwazuia watazamaji.

"Afande, nimesikia kwa redio mnaleta ndege haina rubani. Ni ukweli?"

"Ni ukweli, mama."

"Mtu anakaa tu kwa kiti akiangalia skrini?"

"Ndiyo."

"Aiya! Na huyu wangu amesomea kompyuta. Mbona mnamkimbiza hivyo?"

Tulicheka. Afande hakucheka. Alivua kofia, akaelekeza kidole upande wa Yatta. "Mama, hiyo ndege ikianguka huko porini, nani ataenda kuitafuta? Na ataenda na nini?"

Mama aliinamisha kichwa, akafikiri. "Na miguu," akasema, kama mtu aliyeridhika.

Nami niliridhika. Hata ndege ya kisasa humtegemea mtu wa chini.

Hapo binti akatoka kwenye foleni, mkono mdomoni, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa amerudishwa kwa sababu ya pengo moja, jino la nyuma lililong'olewa zamani.

Mama alimgeukia afande, bila hasira, akitaka kujua kweli.

"Haya afande. Miguu umenieleza. Sasa nieleze jino."

Afande alivaa kofia yake.