Nilimfundisha Kuinua Kichwa

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kwa shule ya mabati upande wa Kajiado, halafu nikatolewa nikachunge ndama. Lakini kuuza najua. Nimeuza maziwa Kajiado mjini tangu nikiwa na meno yote, na sijawahi kumchekea mteja hata mmoja. Nilikuwa naketi nje ya soko, miguu nimenyoosha, mtungi katikati. Mteja akija, naangalia viatu kwanza. Viatu vya vumbi, huyo ametembea, atanunua bila maneno. Viatu vinavyong'aa, huyo lazima aulize kama nimeongeza maji. Namjibu, "Kama unataka maji, umekosea mlango." Ananuna, ananunua, kesho anarudi. Sasa niambieni, hiyo haikuwa huduma?

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu, na kwa sababu jambo lenyewe bado limenikaa kooni.

Nilimlea mimi. Mama yake, ambaye ni binti yangu, aliolewa mara ya pili huko Illasit, na bwana mpya hakutaka mtoto wa mwanaume mwingine. Msichana akabaki kwangu kabla hajajua kukimbia. Nikamfundisha vile mimi nilifundishwa. Mtu mzima akitokea, wewe mtoto unaacha unachofanya, unaenda mbele yake, unainamisha kichwa na kungoja. Yeye anaweka mkono juu ya kichwa chako. Hapo umesalimiwa. Humwangalii machoni, kwani wewe ni nani? Na humnyooshei mkono wewe kwanza kama mtu anayetafuta kura. Siku moja, akiwa na miaka sita hivi, alimpita mzee jirani bila kumpa kichwa. Nilimchapa kofi nikamuuliza, "Hicho kichwa umebebea nini?" Hakurudia tena. Wazee wakawa wanasema, "Huyu amelelewa." Nami nikawa navimba kama ng'ombe aliyekula nyasi ya mvua ya kwanza.

Alipomaliza sekondari alipata kazi Kitengela, kwa duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Kitengela kila mtu anajenga. Jiwe linatoka machimboni asubuhi, jioni ni ukuta wa mtu. Akawekwa kaunta ya mbele, ile ya kupokea wateja, miezi mitatu ya kujaribiwa ndio aandikwe. Wakati huo ukame ulikuwa umenimalizia ng'ombe. Walibaki wawili, na nyasi yao ilikuwa ya kununuliwa, na iliyonunua ni hiyo kazi yake. Kazi ikienda, ng'ombe wameenda, na mimi na mtungi wangu tumeenda.

Mwezi wa pili wa hiyo kazi alikuja nyumbani na barua mkononi.

"Kokoo, wamenipa onyo." Kokoo ni nyanya, kwa lugha yetu.

"Umeiba?"

"Hapana."

"Umetusi mtu?"

"Hapana, kokoo. Niliinamisha kichwa."

Nilidhani ananichezea. Kumbe kuna mzee aliingia dukani kununua mabomba, mwalimu aliyestaafu, mtu wa huko magharibi, amehamia Kitengela anajenga. Mvi kichwa kizima. Msichana wangu alikuwa amesimama tangu asubuhi, akili imechoka, mwili ukafanya unachojua. Akatoka nyuma ya kaunta, akaenda mbele ya mzee, akainamisha kichwa akangoja mkono. Mkono haukuja. Mzee aliuangalia ule utosi uliosimama mbele ya kifua chake, akauliza, "Wewe msichana, umelala ama umeangusha kitu?" Duka zima likacheka. Alipouliza mabomba yako wapi, mtoto kwa aibu akachongoa midomo kuelekea yalipo, vile sisi sote huku tunaelekeza. Mzee akaona amebinuliwa mdomo. Akaenda moja kwa moja kwa supavaiza.

Supavaiza alikuwa mwanamke kijana wa kucha ndefu. Alimwita kando, akamwambia, "Mwili unaongea. Wako unanifukuzia wateja. Unaangalia chini kama mwizi, ukicheka unafunika mdomo. Mtu akija hapa ajue tunamtaka." Akampa karatasi yenye picha za watu wanaotabasamu na kushikana mikono, akasema mpaka mwisho wa miezi mitatu abadilike ama aende.

Mwili wa mtoto wangu ulikuwa unaongea, ndiyo. Uliongea Kimaasai, hayo ndiyo yalikuwa makosa yake.

Niliishika ile karatasi nikataka kuwashia jiko. "Mwambie huyo wa kucha aje hapa aniambie mimi nimelea mwizi!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka. Halafu macho yangu yakaenda zizini. Ng'ombe wawili, mbavu nje. Nikavuta debe, nikalikalia, nikamwambia, "Simama pale. Mimi ni mteja."

Tulifanya hivyo kila siku aliyopata ruhusa. Mimi kwa debe langu, yeye nyuma ya beseni la kufulia lililopinduliwa juu ya meza, hiyo ndiyo kaunta.

"Mimi nataka vigae vya bafu."

"Karibu mama, nikusaidie aje?"

"Unaongea na nani, na kidevu changu? Macho!"

Macho yalikuwa yanapanda, yanafika puani kwangu, yanaanguka. Nilisimama nikamshika kidevu, nikakiinua kwa mkono uleule uliomchapa. Alicheka, akafunika mdomo. Nikampiga kwenye vidole. "Meno ulipewa na Mungu, wayaone." Nilijifanya mzee wa kukohoa. Nilijifanya tajiri aliyeshuka kwa gari kubwa. Nilijifanya yule mwalimu mstaafu, nikamtukana kidogo, yeye akaniangalia tu na kutabasamu. Anajua sasa, nikasema moyoni. Ameshika.

Siku ya mwisho, tukirudisha beseni, akaniuliza, "Na ukija wewe, kokoo?"

"Nikija mimi nini?"

"Dukani. Nitakusalimia aje?"

Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa watu wengine. Nikamwambia, "Ukiinamia mmoja utainamia wote. Hata nikija mimi, kichwa juu."

"Hata wewe?"

"Nirudie mara ngapi?"

Akaandikwa kazi. Soko lote la Kajiado lilijua, hata wasiotaka kujua niliwaambia.

Baadaye akaanza kukosa nafasi ya kuja. Mwezi ukapita, na wa pili. Nikasema si mimi niko na miguu? Nikavaa shanga zangu za sherehe, nikabeba kibuyu cha maziwa ya mgando anayoyapenda, nikaenda Kitengela.

Nilimwona kutoka mlangoni. Amesuka nywele, mgongo umenyooka. Alikuwa anamhudumia mwanaume wa tai, anamwangalia usoni bila kuogopa, na yule mtu aliyeingia amekunja uso akatoka anacheka na sinki begani. Nilitaka kuwaambia waliokuwa kwa foleni, huyo mnaona ni kazi ya mikono yangu.

Zamu yangu ikafika. "Takwenya," nikamsalimia kwa lugha yetu, na mkono wangu ukapanda wenyewe, ukangoja kichwa.

Nyuma yake supavaiza amesimama, mikono amekunja.

Mtoto akaniangalia ndani ya macho. Meno nje, kichwa juu kama mlingoti wa shule. Hakusema "iko," hilo jibu nililomfundisha kabla hajajua kuhesabu. Alisema, "Karibu mama, nikusaidie aje?"

Mama! Akauchukua mkono wangu kutoka hewani, akaushika kwa mikono yake miwili, kama kwenye picha za ile karatasi. Viganja vyake vilikuwa na jasho. Lakini macho hayakuanguka. Yangu ndiyo yaliyoanguka. Mimi, ambaye niliwaangalia wateja wa Kajiado mpaka wakahama upande wa barabara, niliangalia sakafu ya duka.

"Nataka msumari," nikasema. Sina hata mbao nyumbani.

Nikitoka, supavaiza akanifuata mpaka mlangoni. Hakunijua. "Umehudumiwa vizuri, mama?"

"Vizuri sana. Nani alimfundisha huyo?"

"Ni sisi," akasema, na tabasamu lake lote.

Nilirudi na kibuyu changu kimejaa.

Alikuja nyumbani wiki mbili baadaye, amebeba mzigo wa sukari na majani ya chai. Nilikuwa karibu na zizi. Aliuweka chini mzigo, akaja mbele yangu, akainamisha kichwa na kungoja. Nilijua kule dukani alinitii. Nilijua maneno yalikuwa yangu, kila moja. Na bado nilimwacha angoje. Nyuma yangu ng'ombe walikuwa wanatafuna nyasi aliyoinunua yeye, nawasikia. Hakuinua macho, hakuuliza. Shingo ilianza kumtetemeka.

Hapo ndipo nikaweka mkono.