Pua ya Mama Foronya

Gari lilikuwa linamaliza kona ya nne ya mlima pale dereva alipomwambia abiria wake apandishe barakoa mpaka puani, maana mama wa getini huko juu hana masihara. Abiria alikuwa mtu wa safari, amelala katika nyumba za kila namna, lakini njia hii ilikuwa ngeni kwake, na nyumba ya mafungo aliyokuwa akiiendea aliijua kwa simu tu: siku tatu za sala na ukimya, vyumba vinane, kila mtu na chake. Ilikuwa imefungwa miezi kumi na minne kwa ajili ya ule ugonjwa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kupokea tena wageni wa kulala.

Dereva hakukosea. Mama Foronya alisimama getini na kipimajoto mkononi kama mtu aliyekabidhiwa cheo. Jina hilo alipewa na masista, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyetandika vitanda vya nyumba ile, na hakuna aliyewahi kumwona akitandika shuka bila kwanza kuinusa. Aliileta puani kona kwa kona. Ikinuka unyevu, inarudi kambani. Ikinuka moshi wa jikoni, inarudi kwenye karai. Wageni wa zamani walisema kitanda chake kinamrudishia mtu usingizi wa utotoni.

Alimpima mgeni huyu, wa mwisho kufika siku hiyo, akamkuta hana homa, kisha akamsomea maswali ya kwenye karatasi. Unakohoa? Umepata homa wiki hii? Umekaa karibu na mgonjwa? Mgeni akajibu hapana, hapana, hapana, akaruhusiwa kupita. Yeye muulizaji hakuulizwa na mtu. Jumapili alikuwa ameshinda ukingoni mwa kitanda cha wifi yake, akimsugua mgongo huku wifi akikohoa. Wifi alisema ni vumbi. Mama Foronya naye akakubali ni vumbi, kwa sababu alitaka liwe vumbi.

Siku yenyewe ilikuwa imeanza kwa ugomvi. Asubuhi, akitoa shuka kambani, alizinusa akakuta hazina kitu, kama karatasi. Akamwendea mtunza stoo, ambaye wote walimwita Bwana Stoo, akamtolea uvivu mbele ya mpishi na masista wawili. Sabuni gani hii umetuletea? Bwana Stoo, mtu mpole wa maneno machache, akasema ni ileile, katoni ileile ya mwezi uliopita. Mama Foronya akamwambia kwamba labda katoni ina mlango wa nyuma, sabuni nzuri inatokea huko inakwenda kwa watu. Mpishi akacheka. Bwana Stoo aliinamisha kichwa, akaendelea kufagia.

Saa sita alimrudisha mwalimu mstaafu ambaye alikuwa akija mafungo kila mwaka, tangu kabla mke wake hajafariki. Kipimajoto kilisoma thelathini na saba nukta nane. Mzee aliomba akae kivulini apimwe tena, kwani amepanda mlima mzima kwa miguu juani. Mama Foronya alimjibu kwa sauti ya kusikika na wote waliopanga foleni: "Mwalimu, wewe si ndiye uliyetufundisha kufuata sheria?" Watu wakasogea hatua mbili nyuma. Mzee akachukua begi lake akashuka.

Saa tisa Mama Foronya alikuwa jikoni, amesimama kando ya jiko akikunja vitambaa, mpishi alipoingia mbio akaipua sufuria. Vitunguu vilikuwa vimegeuka makaa.

"Mama Foronya," mpishi akasema akikohoa kwa moshi, "pua yako imekwenda likizo? Umesimama juu ya moto hapo unauangalia tu."

Alicheka pamoja naye. Kisha akaenda stoo, akafunga mlango, akabandua karatasi ya mche mpya wa sabuni na kuuweka puani. Hakuna kitu. Akafungua chupa ya mafuta ya taa. Ilikuwa kama kunusa maji.

Akakaa juu ya gunia. Kutonusa ni dalili ya ule ugonjwa; basi kikohozi cha wifi hakikuwa vumbi. Sasa aliiona asubuhi yake yote. Shuka hainusiki kupitia barakoa, kwa hiyo alikuwa ameishusha mpaka shingoni. Na mto, ili uingie vizuri kwenye foronya, yeye huubana kwa kidevu, akahema humo mpaka uingie wote. Mito minane.

Wageni walikuwa bado ukumbini, viti vimeachana mita mbili mbili, Sista Mkuu akiwaeleza taratibu. Vitanda havijaguswa. Alichotakiwa ni kuvuka uwanja na kusema maneno matano. Lakini akaona sura ya Bwana Stoo, akaona mgongo wa mwalimu ukishuka mlima, akaona geti likifungwa tena kwa ajili yake. Ndipo akaikumbuka kengele. Desturi ya nyumba ni kwamba baada ya chakula cha jioni kengele inalia, na kuanzia hapo hakuna wa kusema neno mpaka asubuhi baada ya chai. Akifika kwenye kengele hataulizwa kitu. Kesho atajisema anaumwa mgongo, ataondoka kimyakimya.

Akabaki stoo, anakunja taulo zilizokwisha kukunjwa. Alisikia hatua kwenye korido, milango ikifunguliwa, kisha kitanda kimoja kikilia kwa uzito wa mtu aliyechoka na safari. Hapo alijua amechelewa, na amechelewa kwa makusudi.

Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado madirishani, walikula kila mtu meza yake. Mama Foronya alisimama mlangoni, nje kabisa, barakoa mbili usoni. Sista Mkuu akainuka, akashukuru, kisha akamwonyesha kwa mkono na kusema nyumba hii inanukia kwa sababu ya yule mama. Yule mgeni wa mwisho akageuka, akasema kwa furaha:

"Mama, mto wako! Nimeufukia uso saa nzima, sijui hata nilisinziaje."

Mkono wa Sista ulikuwa tayari kwenye kamba ya kengele.

"Usipige, Sista," Mama Foronya akasema. "Mimi sinusi. Tangu asubuhi sinusi. Nimejua saa tisa, kabla hawajalala, nikajificha." Akamtafuta Bwana Stoo kwa macho, akashindwa kumtazama, akasemea sakafuni. "Na sabuni haikuwa na kosa."

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Vijiko viliwekwa chini kimoja kimoja, na yule mgeni akajishika uso taratibu, kama anayeupima.

Sista Mkuu alipiga simu, akarudi na jibu: wageni wasitoke kwa siku kumi na nne, vitanda vivuliwe sasa hivi, mama ashuke hospitali. Bwana Stoo akaleta pikapu. Mama Foronya akapanda nyuma, kwenye hewa, na kitambulisho chake tu. Bwana Stoo alipokuwa akifunga mlango wa bodi, mama akamuuliza kama mwalimu alifika kituoni.

"Alipata gari saa nane," akasema. "Nilimpelekea maji."

Mama Foronya akajifunika kanga kichwani.

Gari lilipozunguka uwanja, dirisha la chumba cha nane lilikuwa wazi. Mgeni alisimama hapo amekumbatia shuka na foronya, hajui azipeleke wapi. Mama akanyoosha mikono mbali na kifua chake, akaonyesha: zishike mbali na uso, hivi. Kona kwa kona. Funga fundo. Mgeni akamwangalia, akafuata, akakosea, akarudia. Pikapu ikapita getini. Mgeni akabaki dirishani na furushi lake, akisubiri kuambiwa aliweke wapi.