Kidonda Kisicho na Usaha

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Satellite, jijini, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuingia kila mfuko. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza, Nafula, na kitovu chake kilikuwa kimekataa kuanguka.

Mama mkwe alikuwa ametoka Bungoma kuja kunilea. Alikuwa na sheria moja: mtoto havuki mlango kabla kitovu hakijaanguka, asije akapatwa na macho mabaya. Sikuilaumu desturi hiyo, na mpaka leo siilaumu. Kwa watoto wengi ni siku chache tu, na mzazi hupata kupumzika. Lakini mwezi ulipita kitovu kiko pale pale, ngozi kandokando imekuwa nyekundu na kuchimbika, na mtoto anachemka. Mama mkwe alipokiosha kwa maji ya chumvi alifurahi. “Angalia, hata usaha hakuna. Kidonda safi hii.” Sote tukamshukuru Mungu. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ndipo siku hiyo akaingia Senge Rael, shangazi ya mume wangu. Alikuwa akiuza nguo za watoto karibu na maduka ya Adams Arcade, na sauti yake ilimfikia mteja ng'ambo ya barabara. Chai hakuiangalia. Alimfunua mtoto, akamtazama, kisha akamgeukia mama mkwe.

“Mama Wafula, hii desturi iliwekwa ilinde mtoto. Sasa mtoto ndio analinda desturi?”

“Tunangoja kitovu ianguke kwanza.”

“Na ikianguka na yeye?”

Mama mkwe aliingia chumbani, akarudi na leso yake mwenyewe, akamfunika mtoto mikononi mwangu. Niliogopa, sikufichi. Tukaenda hospitali.

Baada ya vipimo vya damu, daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alituketisha.

“Mama, askari wa mwili wako wengi sana kwa damu, kupita kawaida. Shida ni hawawezi kushika. Usaha ni hao askari wamefika kwa kidonda, wakapigana, wakafia hapo. Huyu hana usaha sababu hakuna mwenye amefika.”

Nilimuuliza maswali mpaka nikaelewa. Chembe nyeupe za damu zina vishikio vidogo mno juu yake. Mwili ukiwa salama, vishikio hujikunja, na chembe hupita zake na damu. Mahali pakiumia, ukuta wa mshipa hutoa ishara; chembe hupunguza mwendo, hubingirika ukutani, vishikio hunyooka na kushika, kisha chembe hupenya kwenda penye jeraha. Zingeshika kila mahali kila wakati, kama mbegu za kishona nguo zinavyong'ang'ania nguo shambani, zingeumiza mwili wenyewe. Za Nafula zilikosa vishikio. Alizaliwa hivyo, wala halikuwa kosa la mtu.

Dawa zilitupa muda. Akaota meno, akatembea akijishikilia kwenye kochi, akamwita mama mkwe “Kukhu”, yaani bibi. Kisha homa ya mapafu ikamchukua. Uchungu ule haujaisha, umezoeleka tu. Lakini bila ukali wa Senge, nisingalisikia hata mara moja binti yangu akiniita mama.

Mama mkwe hakuwahi kuzungumzia siku ile. Ila kila mjukuu alipozaliwa aliuliza, “Kitovu imeanguka?” Akiambiwa bado, na siku zimepita, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Basi nasaha yangu ni hii. Shika desturi, lakini ujue unaishikia nani. Na yule uliyemshikia akiumia, iachie bila kuomba radhi. Usihesabu watu waliojaa sebuleni ukadhani una msaada, tazama ni nani amefika panapouma. Mtoto akiwa na joto na kidonda kimenyamaza, usishangilie, mbebe uende. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mungu akubariki kwa uzao wenye afya, mwanangu. Na siku utakapokosea huku ukiamini unatenda mema, akuletee mtu wa kukukemea wakati mtoto bado anapumua.